Barua ya wazi kwa wabunge wetu: msituache tufunge mlango mlipuko ukiwa mtaani

Kwa Waheshimiwa Wabunge na Maseneta, na kwa Waheshimiwa wa Bunge la Kaunti ya Nairobi,

Salamu kutoka Mukuru kwa Reuben, mtaa wa mabanda hapa Nairobi. Ninaandika nikiwa katika chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi. Mchana ndicho ofisi yetu, usiku ni stoo, na mlipuko ukizuka huwa mahali pa kumlaza mgonjwa akisubiri usafiri. Tuko watu kumi na mmoja. Watatu hupata posho pesa zikiwepo, wanane hujitolea. Tunatia dawa kwenye maji, tunagawa sabuni, tunawafuatilia wagonjwa wa kifua kikuu wasikatize dozi ya miezi sita, na tunawatembelea akina mama wajawazito wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Gari hatuna. Tuna mitungi, madaftari, simu mbili na mkokoteni wa kuazima.

Kila mlipuko ukitangazwa, simu hizo mbili hulia kutwa. Tuleteeni watu wa kujitolea. Tuonyesheni ploti zenye wagonjwa. Tusaidieni kuongea na landilodi huyu afungue choo. Huwa tunakwenda, na tutaendelea kwenda, kwa sababu wanaougua ni majirani zetu. Ninachoomba, Waheshimiwa, ni kwamba siku tunayopigiwa simu hiyo, sheria za nchi nazo ziwe zinatukumbuka.

Niwaeleze usiku mmoja tu.

Ilikuwa wakati wa kile kipindupindu kilichoanza Oktoba 2022 na kufika hapa Nairobi. Saa saba usiku mama mmoja wa ploti ya nyuma alitubishia mlango. Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa anahara tangu magharibi. Nilipomfinya ngozi ya tumbo ilibaki imesimama, haikurudi. Macho yalikuwa yameingia ndani, sauti haitoki. Pakiti zetu za ORS, zile chumvi za kurudisha maji mwilini, zilikuwa zimeisha jioni ile ile. Tulichukua maji tuliyokuwa tumechemsha mchana, tukapima lita moja, tukatia vijiko sita vya chai vya sukari, vya kusawazisha, na nusu kijiko cha chumvi. Mkewe akawa anamnywesha kwa kijiko. Akitapika tunangoja kidogo, tunaanza tena.

Ambulansi haiwezi kuingia kwetu, kichochoro ni cha mtu mmoja kupita na katikati yake kuna mtaro. Tukamwamsha kijana anayeuza maji. Hakuuliza nani atamlipa. Alishusha mitungi yote, akatandika blanketi lake mwenyewe kwenye mkokoteni, akavuta, mimi nikimulika kwa tochi ya simu. Fundi alipowekewa dripu kulikuwa kunakaribia kupambazuka. Mpaka leo anachomelea milango kando ya barabara, na akiniona napita huzima mashine anisalimie.

Kipindupindu kinaweza kumuua mtu mzima, mwenye nguvu zake, ndani ya saa chache asipotibiwa. Nawaomba muishike hesabu hiyo ya saa chache, kwa sababu nitairudia nikizungumzia miaka.

Wiki iyo hiyo ya yule fundi, kampuni moja ya Eneo la Viwanda ilitaka kutupatia katoni mia mbili za sabuni na jiki, ile dawa ya kuua vijidudu. Walikuwa watu wema na lori lilikuwa tayari. Mhasibu wao akaomba jambo moja: nakala ya cheti chetu cha msamaha wa ushuru. Hakukosea kuomba. Sheria ya ushuru wa mapato inamruhusu mtoaji kuondoa mchango wake kwenye hesabu ya ushuru ikiwa anayepokea ni shirika la hisani lenye cheti kilicho hai. Cheti hudumu miaka mitano. Chetu kilikuwa kimekwisha muda wiki tatu kabla.

Simlaumu afisa yeyote. Ili kukihuisha tulihitaji hesabu zilizokaguliwa, na mkaguzi wa hesabu hufanya kazi kwa malipo. Mweka hazina wetu, ambaye ndiye angekusanya risiti, alikuwa amekaa kwenye meza ya maji ya chumvi na sukari tangu asubuhi mpaka usiku kwa siku kumi na moja mfululizo. Sheria inasema aliyetimiza masharti yote apewe cheti ndani ya siku 60. Hata kama tungepeleka maombi siku ile ile, siku 60 ni umri wa mlipuko mzima katika mtaa kama wetu. Sabuni ilikwenda kwingine. Sisi tulikopa shilingi elfu sita kwenye chama cha akina mama, tukanunua jiki ya rejareja.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni dogo, na halitaigharimu Hazina ya Kitaifa pesa yoyote ya maana. Andikeni katika sheria kwamba waziri wa afya akishatangaza mlipuko, cheti cha shirika la hisani kinachofikia mwisho wake katika kipindi hicho kihesabiwe kuwa hai mpaka miezi sita baada ya mlipuko kutangazwa kuwa umekwisha. Hatuombi kusamehewa ukaguzi. Tunaomba tukaguliwe tukishawazika wafu wetu na kuwatibu walio hai.

Mnaweza kulifanya hili, na kwa haraka, kwa sababu mlishafanya makubwa zaidi. Mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 nchini alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Kufikia tarehe 25 Aprili marekebisho ya sheria za ushuru yalikuwa yamepita Bungeni na kutiwa saini na Rais. Wiki sita! Kampuni zilipunguziwa ushuru kutoka asilimia 30 hadi 25, na mfanyakazi anayepata shilingi 24,000 kwa mwezi kurudi chini akaacha kukatwa. VAT nayo ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14 mpaka mwaka ukaisha. Mlionyesha kwamba Bunge likiamua linakimbia.

Lakini angalieni nani aliyeguswa. Mama wa kufulia watu nguo, anayesimama langoni mwa majumba ya South B kila asubuhi akingoja kuitwa, hana karatasi ya mshahara ya kupunguziwa ushuru. Kijana wa mkokoteni hana. Vijana kadhaa wa mtaa walipata vibarua vya Kazi Mtaani, mpango wa serikali wa kuwapa vijana kazi, na ilikuwa baraka. Waliobaki walifikiwa na nani? Walifikiwa na kanisa lililopika githeri, na msikiti uliogawa unga, na vikundi kama chetu vilivyokuwa na orodha ya nyumba kwa nyumba: huyu ni mjane, huyu ana watoto watano, huyu amelala na homa na hawezi kutoka. Mnakumbuka Aprili 2020 kule Kibera, watu walivyokanyagana wakigombania chakula cha msaada. Orodha ya nyumba kwa nyumba haiandikwi siku lori linapofika. Huandikwa na mtu aliyekaa mtaani miaka, anayejua mlango upi ubishwe.

Sasa nije kwenye miaka.

Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, ile tunayoiita sheria ya PBO, ilitiwa saini na Rais Mwai Kibaki tarehe 14 Januari 2013. Ilipitishwa na Bunge, watu waliokaa katika viti mnavyokalia. Kisha ikalala. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamuru ianze kutumika, nayo ikaendelea kulala. Ilipita miaka yote ya Rais Uhuru Kenyatta ikiwa kwenye makaratasi, mpaka ikaanza kutumika tarehe 14 Mei 2024 chini ya Rais William Ruto. Miaka kumi na mmoja na miezi minne. Fundi wangu alikuwa na saa chache.

Jedwali la Pili la sheria hiyo, naomba mlifungue mlisome, linayaahidi mashirika yaliyosajiliwa mambo ya maana: msamaha wa ushuru kwa michango na ruzuku, nafuu ya VAT na ushuru wa forodha kwa bidhaa zinazoagizwa kwa kazi ya manufaa ya umma, motisha kwa wanaochangia, na kupewa kipaumbele katika zabuni za serikali. Ni ahadi nzuri. Mimi niliposoma mara ya kwanza niliisoma kwa sauti, wenzangu wakanisikiliza kama ninasoma barua ya mwana aliye mbali. Lakini dukani hapa Mukuru ahadi hiyo haijafika. Tukinunua sabuni tunalipa VAT ya asilimia 16 kama mnunuzi mwingine yeyote. Mtu akituchangia shilingi 11,600 za sabuni, shilingi 1,600 zinarudi serikalini, nayo serikali ndiyo iliyotupigia simu asubuhi tukagawe sabuni hiyo.

Basi la pili ninaloliomba ni kwamba Mswada wa Fedha unaofuata ubebe Jedwali hilo ndani ya sheria za ushuru zenyewe, kifungu kwa kifungu, ili mwenye duka na mhasibu wa kampuni waone maandishi wanayoyatambua. Na kwa bidhaa chache za mlipuko, yaani sabuni, jiki, dawa ya maji, ndoo za mfereji, glavu na chumvi za kurudisha maji mwilini, shirika lililosajiliwa lisitozwe VAT kabisa wakati wa dharura iliyotangazwa. Watakaofaidika ni wale wanaofungua mfereji wa ndoo hiyo.

Kuna jambo la zamani ambalo ningependa vijana walio Bungeni walijue. Miaka ya tisini, UKIMWI ulipokuwa ukizika familia nzima, Padre Angelo D'Agostino alifungua makao ya Nyumbani hapa Nairobi mwaka 1992 kwa ajili ya watoto wenye virusi ambao hakuna aliyetaka kuwagusa. Serikali ilikuja kutangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa mwezi Novemba 1999. Hesabuni miaka hiyo iliyo katikati. Nani alikuwa akiwaosha wagonjwa? Makanisa, vikundi vya akina mama, mashirika madogo yasiyo na hata mashine ya kuandikia. Mama yangu mzazi alikuwa mmoja wao. Alikuwa akirudi nyumbani jioni, anafua leso yake kwanza kabla ya kutubeba. Alikuwa akikisia tu cha kufanya, maskini, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemfundisha.

Halafu mwaka 2001 Bunge la Nane likapitisha Sheria ya Hakimiliki za Viwandani, ambayo ilifungua njia ya kuagiza dawa za ARV za bei nafuu. Mashirika ya msaada na watu wanaoishi na virusi waliipigania sheria hiyo kwa jasho, na wabunge wakawasikia. Wapo watu mtaani kwetu wanaolea wajukuu leo kwa sababu ya kura ile. Ninapowaomba kitu, Waheshimiwa, naiomba taasisi iliyowahi kuokoa maisha kwa kuinua mikono.

Na kazi ya hisani ikishikwa vizuri huwa inarudi kwa umma. Madaktari Wasio na Mipaka walihudumu Kibera kwa takriban miaka ishirini, na mwaka 2017 wakaikabidhi kaunti zahanati ya Kibera South. Leo ni mali yetu sote.

Ijumaa ya tarehe 24 Januari 2025 agizo la kusimamisha kazi za miradi ya misaada ya Marekani lilitoka Washington. Jumatatu asubuhi mama washauri wetu wawili walipata ujumbe wa simu kwamba wasije kazini. Kwa asiyejua, mama mshauri ni mwanamke anayeishi na virusi aliyejifungua mtoto asiye na virusi, na sasa anamshika mkono mjamzito mwenzake mpaka naye afanikiwe. Posho yao ilikuwa ikipitia mradi wa Marekani. Mmoja aliendelea kuja kwa miguu, bila chochote, mpaka mwisho wa mwezi wa pili. Kisha kodi ya nyumba ikamshinda, akaenda kutafuta nguo za kufua.

Daftari lake ninalo hapa mezani. Ameligawa kwa rula na kalamu nyekundu: namba ya mteja, wiki za mimba, tarehe ya kurudi kliniki, na safu ya mwisho ya tiki. Mpaka Januari safu ile imejaa tiki. Februari zipo chache. Machi kurasa zina namba na tarehe, na safu ya mwisho ni tupu kuanzia juu mpaka chini. Sijui ni wangapi kati ya wale waliorudi kliniki wenyewe. Hakukuwa na mtu wa kwenda kuwauliza.

Siku hizo dawa za ARV zilikuwa ghalani, hapa hapa Nairobi, zimekwama kwa sababu fedha za kuzisambaza zilikuwa zimezuiwa. Dawa zilikuwepo na wagonjwa walikuwepo, katika jiji moja. Nchi hii ina watu wapatao milioni 1.4 wanaoishi na virusi. Tarehe 10 Machi tukasikia kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID, shirika la misaada la Marekani, imefutwa, na tarehe 1 Julai shirika lenyewe likafunga kazi.

Mwishoni mwa 2013 kulikuwa na pendekezo la kuyawekea mashirika yetu kikomo cha asilimia 15 kwa fedha kutoka nje. Wabunge waliliangusha, na tulishukuru kwa dhati. Lakini mwaka 2025 fedha hizo zilikatika bila sheria yoyote ya Kenya. Ikiwa pesa ya mgeni inaweza kukatika kwa usiku mmoja, basi ya mwenyeji ndiyo ya kujengewa msingi. Wakenya ni watu wa kutoa. Hakuna kundi la WhatsApp la familia lisilo na mchango wa hospitali. Tunachokosa ni sheria inayomfanya mtu au kampuni ya hapa itoe bila kuogopa makaratasi, na ijue kilipoishia kilichotolewa.

Mkataba wa afya uliotiwa saini Washington tarehe 4 Desemba 2025 unasema Marekani itatoa hadi dola bilioni 1.6 kwa miaka mitano, nayo Kenya iongeze dola milioni 850 za matumizi yake ya afya, na sehemu kubwa ya fedha ipitie mifumo ya serikali. Mimi siupingi mwelekeo huo. Afya ni haki iliyo kwenye kifungu cha 43 cha Katiba na mwenye wajibu ni serikali. Wasiwasi wangu uko mwisho wa safari, pale fedha inapotoka hospitalini kuingia kichochoroni. Mikoba ya wahudumu wa afya ya jamii 100,000 iliyozinduliwa Septemba 2023 ilikuwa hatua njema sana, na watatu kati ya wenzangu ni wahudumu hao, wanaopaswa kupata posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Mkoba ukiishiwa glavu wanakuja kuchukua kwetu. Sisi tukifunga, watakwenda wapi?

Hapo ndipo lilipo ombi langu zito zaidi. Katiba, kifungu cha 208, iliunda Hazina ya Dharura. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaziruhusu kaunti kuwa na hazina zao za dharura. Fedha za siku mbaya zimewekewa mahali kisheria. Kisichokuwepo ni njia ya kumfikishia pesa mtu aliye kwenye meza ya maji ya chumvi na sukari kabla mlipuko haujamaliza kuua. Tunaomba kaunti na wizara ziingie mikataba na mashirika yaliyochujwa wakati wa utulivu, kiangazi, hakuna anayekufa, kila mtu ana nafasi ya kusoma alichotia saini. Bei ziwe zimekubaliwa, eneo la kila kikundi lijulikane, vitabu vyake viwe vimekaguliwa. Mlipuko ukitangazwa, malipo ya kwanza yatoke ndani ya siku saba. Hakuna zabuni ya kukimbizana, na hakuna anayezaliwa usiku mmoja kuwa muuzaji wa barakoa.

Na katika malipo hayo muache nafasi ya vitu visivyopigwa picha. Wafadhili wengi hulipia ndoo lakini chumba cha kuwekea ndoo hawalipii. Kodi ya chumba hiki ni shilingi 4,500. Umeme, salio la simu, ada ya mkaguzi, chai ya watu waliokesha. Mei 2024, mafuriko na matingatinga yalipowaacha majirani zetu wa kando ya mto bila pa kulala, tulikuwa na magodoro ya msaada mpaka darini, na wakati huo huo landilodi alikuwa akitudai miezi miwili. Alituvumilia. Mungu ambariki. Lakini sera ya afya ya nchi haiwezi kutegemea uvumilivu wa landilodi mmoja wa Mukuru.

Najua mnachofikiria, maana na mimi nakifikiria. Yapo mashirika ya mfukoni. Yapo yaliyosajiliwa kwa ajili ya picha na safari. Tumewaona, wanakuja na fulana, wanapanga watoto mstari, wanaondoka kabla ya saa sita. Wanatuumiza sisi kuliko wanavyowaumiza ninyi, kwa sababu mtaa ukidanganywa mara mbili haumfungulii mlango mtu wa tatu. Kwa hiyo tukagueni. Bandikeni majina ya waliopokea na kiasi walichopokea ukutani kwa chifu na kwenye ofisi ya mwakilishi wadi, kwa Kiswahili, mama yeyote asome aseme hii sabuni sikuiona. Hakuna mkaguzi mkali kama jirani. Ila kosa la mwizi lisiwe sababu ya kumnyima aliyekesha.

Kuhusu hospitali na zahanati za misheni nitasema kwa ufupi, kwa kuwa wenyewe wamelia hadharani. Nazo ni mashirika ya hisani, na ndizo tunazozikimbilia dawa zikikosekana kwingine. Machi 2025 Rais aliahidi kwamba vituo vilivyokuwa vikiidai NHIF, ile bima ya afya ya taifa ya zamani, shilingi milioni 10 kurudi chini vitalipwa deni lote. Kamati zenu za afya ziulize kila mwezi ni vingapi vimelipwa, na majibu yasomwe mbele ya umma.

Waheshimiwa, ugonjwa hauishii kwetu. Julai 2017 mawaziri wawili walitibiwa hospitalini baada ya kipindupindu kuingia kwenye maonyesho ya biashara hapa jijini. Wapishi, wahudumu na walinzi wanaofanya kazi kwenye kumbi zenu hulala huku. Lakini sitaki kuwaomba kwa kuwatisha. Nawaomba kwa sababu mlichaguliwa na watu hawa pia, wakapanga foleni alfajiri kwenye uwanja wa shule huku wamejifunga leso kichwani.

Tunaandaa ombi rasmi kwa Bunge chini ya kifungu cha 119 cha Katiba, lenye haya niliyoyaandika na sahihi za majirani. Kabla halijawafikia, ninawaalika. Wanakamati wa Afya, wanakamati wa Bajeti, na mwakilishi yeyote wa wadi anayetaka, njooni kabla ya mvua za masika. Njooni saa kumi na mbili asubuhi, wakati wa foleni ya maji, muone mtungi unauzwa shilingi ngapi mfereji ukiwa na maji na shilingi ngapi ukikauka. Vaeni gambuti. Mweka hazina wetu atawafungulia vitabu vyote, yule fundi amesema atakuja kuwasalimia, na daftari la mama mshauri litakuwa mezani. Zile kurasa za Machi tumeziacha kama zilivyo.

Wenu kwa heshima,

Mratibu, kwa niaba ya wenzangu kumi,
Mukuru kwa Reuben, Nairobi